Umechapwa Pointi 40: Ni Kocha, Ni Wachezaji, Ama Ni Nani?

Wasee, hii mada lazima tuimalize leo. Hapa Mosocho mechi ya basketi ikiisha, tuseme, 71 kwa 29, kesi huanza kabla hata wachezaji hawajavaa viatu vya kwenda nyumbani. Upande mmoja unasema kocha hajui kitu, alikaa kwa benchi kama abiria wa matatu anayengoja kushukishwa stage. Upande wa pili unasema kwani kocha angefanya nini na watu wanaompigia refa pasi? Mabishano yanaendelea hadi giza linaingia, na wiki ijayo yanaanza upya na timu nyingine.

Mimi nimekaa nikafuatilia historia ya huu mchezo, kutoka siku ya kwanza hadi Morans wetu, na msimamo wangu ni huu. Ukishindwa kwa pointi mbili, tatu, tano, hapo sawa, kocha na wachezaji wana kesi ya kujibu. Lakini kichapo cha pointi 30, 40, 60 huwa kimepikwa kitambo, kabla refa hajarusha mpira juu. Kocha na wachezaji huja tu kupakua. Sisi tunamlaumu anayepakua kwa sababu ndiye tunayemwona, na aliyepika hata hayuko uwanjani.

Najua wengine mshaanza kusema ninawatetea makocha wabovu. Tulieni, twende polepole.

Mchezo ulianza bila kocha

Basketi ilibuniwa Desemba 1891 na mwalimu mmoja anaitwa James Naismith, huko Springfield, Massachusetts. Alipewa darasa la vijana watundu wakati wa baridi kali, akaambiwa awatafutie mchezo wa ndani. Akatundika vikapu viwili vya matunda, akaandika sheria 13, akagawa darasa pande mbili, watu tisa kwa tisa. Mechi ya kwanza iliisha 1 kwa 0. Moja kwa nunge, kama mechi ya Shabana!

Sasa sikia hii. Kwenye zile sheria 13 hakuna mahali popote kocha anatajwa. Refa yuko, wachezaji wako, kocha hayuko. Naismith aliona huu ni mchezo wa kuchezwa, si wa kufundishwa na mtu anayepiga kelele pembeni. Baadaye alienda Chuo Kikuu cha Kansas akawa kocha wao wa kwanza kabisa, na kati ya 1898 na 1907 alishinda mechi 55 akapoteza 60. Mpaka leo, katika makocha wote waliowahi kufundisha Kansas, yeye peke yake ndiye aliyepoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. Mtu aliyevumbua mchezo! Kama ujuzi wa kocha ndio kila kitu, basi mzee Naismith angekuwa hashikiki.

Aliyebadilisha mambo ni mwanafunzi wake, Phog Allen. Huyu aliamini basketi inaweza kufundishwa kama hesabu, na mwaka wa 1927 akaanzisha chama cha makocha wa Marekani. Hata hivyo, kwa miaka mingi sheria za vyuo vya huko ziliendelea kumbana kocha. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, timu ikiomba mapumziko mafupi, kocha hakuruhusiwa kuongea na wachezaji wake. Walikuwa wanajipanga wenyewe hapo uwanjani, yeye akiwaangalia kwa mbali.

Kwa hivyo kwa zaidi ya nusu karne, ukichapwa, lawama ilikuwa ya wachezaji. Kocha alipopewa ruhusa ya kusimama, kuchora na kupiga kelele, lawama nayo ikahama ikamfuata. Na ikanoga zaidi pesa zilipoingia, kwa sababu ukitaka mashabiki watulie ni rahisi kufukuza mtu mmoja kuliko kufukuza watu 12. Hiyo tabia ya "kocha aende" tunaiona kwenye kila mchezo, na haina uhusiano mkubwa na nani kakosea.

Zamani ungeweza kujificha

Tarehe 22 Novemba 1950, kwenye NBA, Fort Wayne Pistons walienda kucheza na Minneapolis Lakers. Lakers walikuwa na George Mikan, jitu ambalo hakuna mtu wakati huo angeweza kulizuia. Kocha wa Pistons akafikiria, akaona wakicheza kawaida watanyoroshwa vibaya. Akawaambia vijana wake washike mpira tu. Pasi, pasi, simama na mpira, pasi tena. Watu walizomea lakini mechi ikaisha Pistons 19, Lakers 18. Mpaka leo ndiyo mechi yenye pointi chache zaidi katika historia ya NBA.

Hapo kocha alikuwa na silaha ya kweli. Timu dhaifu ingeweza kuficha mpira ili isiabike. Lakini mashabiki hawalipi pesa kuangalia watu wakishika mpira, kwa hivyo mwaka wa 1954 NBA ikaleta saa ya sekunde 24. Mechi za kimataifa zikaleta ya sekunde 30 mwaka wa 1956, kisha mwaka wa 2000 nazo zikashuka hadi 24. Kuanzia hapo, utake usitake, lazima utupe mpira kikapuni, halafu lazima umpe mwenzako nafasi ya kushambulia.

Tupige hesabu kidogo, hii ni muhimu. Tuseme kwenye mechi ya dakika 40 kila timu inapata zamu 75 za kushambulia. Wale wazuri, katika kila zamu kumi, wanapata pointi 11. Nyinyi katika zamu kumi mnapata pointi 7. Tofauti ni pointi 4, vikapu viwili tu. Ukiangalia dakika tano za kwanza unaweza hata kusema "mbona tunawaweza hawa!" Lakini zidisha hadi zamu 75. Wao wana 82, nyinyi mna 52. Mmechapwa 30, na hakuna aliyefanya kituko chochote.

Kwenye futboli timu mbaya inaweza kupaki basi, ikapigwa moja, ikaenda nyumbani na heshima. Basketi haina hiyo huruma. Tofauti ndogo ya ujuzi inarudiwa tena na tena hadi iwe mlima. Kwa hivyo msee akikuambia "tulichapwa 40, lazima kuna mtu aliuza mechi", muulize kwanza kama anajua kuzidisha.

Angola: wiki moja, sura mbili

Mfano mkubwa zaidi ni wa Waafrika wenzetu. Olimpiki ya Barcelona, tarehe 26 Julai 1992. Angola, waliokuwa wamechukua ubingwa wa Afrika 1989, wanafungua mashindano na ile Dream Team ya Marekani. Michael Jordan, Magic Johnson, Larry Bird, Charles Barkley, wote kwa jezi moja. Mwanzoni Angola walijaribu kushikilia. Halafu Marekani wakafunga pointi 46 wakati Angola wanapata moja. Umesoma vizuri, 46 kwa 1. Na hata hiyo moja ilikuwa ya mtupo huru, baada ya Barkley kumpiga kijana wao Herlander Coimbra kiwiko kifuani. Mwisho wa mechi: 116 kwa 48. Tofauti ya 68.

Sasa chukua ile kesi yetu ya Mosocho uipeleke pale. Nani mbaya? Kocha Victorino Cunha? Ama wachezaji?

Kabla hujajibu, ngoja siku tano. Tarehe 31 Julai, Angola hao hao, na kocha huyo huyo, na Coimbra huyo huyo, wanacheza na Uhispania, wenyeji, mbele ya mashabiki wao. Angola 83, Uhispania 63. Waliwachapa wenyeji pointi 20 nyumbani kwao! Kocha wa Uhispania, Antonio Díaz-Miguel, alikuwa ameishika timu hiyo tangu 1965 na kuipa medali ya fedha ya Olimpiki mwaka wa 1984. Baada ya michezo hiyo akaondolewa.

Jumapili Cunha alionekana mtu aliyepotea njia, Ijumaa akaonekana fundi. Lakini hakubadilika ndani ya siku tano, wala wachezaji wake hawakurefuka. Walikutana tu na mpinzani wa kiwango tofauti. Ile 68 ilikuwa umbali kati ya ligi ya Luanda na NBA. Huo umbali ulijengwa na miaka, pesa, viwanja na watoto kuanza kucheza wakiwa wadogo. Hakuna mchoro wa kocha unaoweza kufuta hiyo kwa jioni moja.

Hata Marekani walipigwa

Mtu atasema, sawa, Angola ni nchi ndogo. Twende Athens, tarehe 15 Agosti 2004. Marekani wana Tim Duncan, Allen Iverson na kijana anaitwa LeBron James. Kocha ni Larry Brown, ambaye miezi miwili tu iliyopita alikuwa ametoka kuchukua ubingwa wa NBA na Detroit. Wanacheza na Puerto Rico, kisiwa kidogo. Puerto Rico 92, Marekani 73. Carlos Arroyo aliwafunga pointi 24. Marekani walitupa mipira ya pointi tatu mara 24, ikaingia 3.

Manze, huko kesi ilinoga kuliko ya Mosocho. Wengine walisema Brown ni mkali, hawapi nafasi vijana. Wengine wakasema ni wachezaji, wana majivuno na hawajui kucheza kama timu. Lakini angalia walichofanya baada ya kelele kuisha. Mwaka wa 2005 walimpa kazi nzima mtu mmoja, Jerry Colangelo, na yeye akaanza na maswali ya jikoni. Mbona kila mara tunaita nyota dakika za mwisho, wengine wanakataa, tunaokota wanaobaki, tunafanya mazoezi wiki chache, halafu tunategemea miujiza? Akataka kila mchezaji ajitolee kwa miaka mitatu. Akaleta kocha mpya, Mike Krzyzewski, ndiyo, lakini akampa muda. Mwaka wa 2006 walishindwa tena na Ugiriki kwenye nusu fainali ya dunia, na hawakumfukuza. Mwaka wa 2008 wakachukua dhahabu Beijing.

Yaani nchi yenye vipaji vingi zaidi duniani ilipochapwa 19, mwishowe iligundua shida ilikuwa kwenye mpango. Na sisi tusio na chochote tunataka kumalizia kila kitu kwa mwalimu wa gemu.

Morans na ile safari ya miaka 28

Turudi nyumbani. Mwaka wa 1993 Kenya iliandaa AfroBasket Nairobi na tukamaliza nambari nne Afrika. Halafu tukapotea. Miaka 28 bila kukanyaga mashindano hayo. Kizazi kizima kilizaliwa, kikasoma, kikaoa, na Kenya haijarudi. Katika hiyo miaka makocha walikuja wakaenda, wachezaji walikuja wakastaafu. Kama shida ingekuwa kocha mmoja ama kikosi kimoja, isingedumu miaka 28.

Mwaka wa 2019, chini ya kocha Cliff Owuor, Morans wakafika fainali ya AfroCan huko Bamako, mashindano ya wachezaji wanaocheza barani Afrika. Kwenye fainali Kongo walitupiga 82 kwa 61. Hiyo ni tofauti ya 21, kichapo cha kutosha. Lakini kuna mtu alimlaumu Owuor? Hapana, timu ilikuja na medali ya fedha na watu wakafurahi. Kwa hivyo tofauti ya pointi peke yake haituambii kitu. Tunaipa maana kulingana na tulivyotarajia.

Januari 2020 Nairobi, Kenya ikapita hatua ya kwanza ya kufuzu, ikiwashinda hata Sudan Kusini. Kisha Machi ikaja korona na michezo ikafungwa nchi nzima. Mnajua wenyewe, viwanja vilikaa kimya hadi nyasi zikaota. Novemba mwaka huo huo Morans wakapelekwa Kigali kucheza na Senegal, Angola na Msumbiji. Senegal walituchapa kwa zaidi ya pointi 30. Angola nao wakatufunga.

Unaona jikoni? Kikosi ambacho ligi yake ilikuwa imesimama kwa miezi, dhidi ya watu ambao wengi wao wanacheza ligi za kulipwa nje. Hata ungemweka nani kwenye benchi, ile mechi ya Senegal ilikuwa ishapikwa.

Halafu ikaja Februari 2021, Yaoundé. Kocha sasa ni Liz Mills kutoka Australia, aliyekuwa ameipokea timu muda mfupi tu. Angola, mabingwa wa Afrika mara 11, wale wale wa Novemba. Kenya 74, Angola 73. Mpira wa mwisho ulitupwa na Tylor Okari Ongwae, na mkisikia jina Ongwae hapa Gusii hamhitaji maelezo zaidi! Tukafuzu. Mills akawa mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume kwenye AfroBasket.

Najua hapa upande wa "ni kocha" mnaruka juu. "Si umeona! Kocha kabadilishwa, ushindi umekuja!" Sikatai, Mills alifanya kazi, na kazi yake ilionekana. Lakini mliona ni kazi ya aina gani? Ilikuwa mechi ya pointi moja. Kocha mzuri anakupa hizo pointi tano, kumi, anakupangia mpira wa mwisho uende kwa mtu anayefaa, na mchezaji jasiri anaumaliza. Hapo ndipo kocha na mchezaji wanastahili sifa, na hapo pia ndipo wanastahili lawama. Lakini pia miguu ilikuwa imerudi, timu ilikuwa imecheza pamoja tangu Novemba, na wachezaji wa nje walikuwepo. Kocha pekee hawezi kukupa 30.

Na kama mnabisha, angalieni kilichofuata. Agosti 2021 kule Kigali tukawapiga Mali, tukatolewa na Sudan Kusini 60 kwa 58. Mwaka uliofuata Mills hakuwa nasi tena, alikuwa Morocco akifundisha AS Salé, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza timu kwenye BAL. Owuor akarudi kwenye benchi. AfroBasket ya 2025 ilipochezwa Angola, Uganda walikuwepo, Rwanda walikuwepo, sisi hatukuwepo. Makocha wawili wazuri, wachezaji wenye moyo, na bado tukarudi pale pale. Ukibadilisha mpakuaji mara nne na chakula bado ni kibichi, enda uangalie moto.

Lakini Sudan Kusini je?

Hili ndilo swali gumu, na lazima nilijibu kwa sababu ndilo linaloweza kuniangusha. Sudan Kusini ilipata uhuru 2011. Wakati timu yao inapanda, nchi haikuwa hata na uwanja wa basketi wa ndani. Sisi tuna Nyayo na Kasarani. Januari 2020 tuliwafunga Nairobi. Agosti 2021 wakatutoa kwa pointi mbili. Mwaka wa 2023 wako Kombe la Dunia. Julai 2024 pale London wako mbele ya Marekani ya LeBron na Steph Curry wakati wa mapumziko, wanashindwa 101 kwa 100. Olimpiki ya Paris wanawapiga Puerto Rico 90 kwa 79, na wakirudiana na Marekani wanashindwa 103 kwa 86.

Sasa kama shida ni mfumo na viwanja, wao waliwezaje?

Jibu langu ni kwamba wengi wetu tukisikia "mfumo" tunafikiria majengo. Wao hawakuwa na majengo lakini walikuwa na mpishi. Luol Deng, aliyecheza NBA miaka mingi, alichukua uongozi wa shirikisho lao akaanza kutafuta vijana wao waliotawanyika Australia, Marekani na kwingineko, akatia pesa zake, akawaita mapema, akamleta Royal Ivey kuwa kocha na akamwacha afanye kazi. Kuna wakati Deng mwenyewe alikaa kwenye benchi kama kocha. Kila kiangazi watu walewale, mpango uleule. Ndiyo maana tofauti ya wao na Marekani ilikuwa 17 na si 68.

Kwa hivyo Sudan Kusini haipingi hoja yangu, inaisafisha. Inatuambia tusiseme "hatuna uwanja" kila siku kama wimbo. Tuulize nani anapanga, na alianza lini.

Kwa hivyo hapa Mosocho tulaumu nani?

Basketi ya shule za sekondari Kenya huchezwa muhula wa kwanza. Shule inafunguliwa Januari, wanafunzi wapya wanaingia, na ndani ya wiki chache mashindano ya chini yashaanza. Machi inafika na mvua ya Kisii, mnaijua, ile inayoanza saa nane na haina adabu. Uwanja ni wa simiti, uko nje, na mpira uliolowa hauruki. Hesabu jioni zilizobaki za mazoezi hapo katikati uniambie ni ngapi.

Mwalimu wa gemu naye ana masomo yake, ana mitihani ya kusahihisha, na mara nyingi huo mchezo haujui kiundani, amepewa tu kwa sababu ni mrefu ama ni kijana. Wachezaji wengi walishika mpira wa basketi mara ya kwanza wakiwa na miaka 14 ama 15, kwa sababu shule ya msingi ilikuwa na uwanja wa futboli na nguzo za voliboli tu. Halafu ukishinda kaunti unaenda Nyanza kukutana na watu kama Agoro Sare kutoka Oyugis, ama Maseno, shule ambazo basketi kwao ni kama dini. Kule mtoto anakuta timu ina mila, wakubwa wanamfundisha, na mazoezi hayangoji muhula wa kwanza. Kupiga chenga na mkono wa kushoto hakujengwi kwa wiki sita. Kwa hivyo ukibanwa uwanja mzima tangu dakika ya kwanza, mpira unapotea, wanafunga, unapotea tena, wanafunga. Hapo ndipo 40 inatoka.

Je, hiyo inamaanisha kocha na wachezaji wako huru kabisa? Hapana. Kuna kazi yao, na ninaomba tuihukumu hiyo tu.

Kocha hawezi kuzuia kichapo, lakini anaweza kuzuia 20 isiwe 50. Wapinzani wakifunga kumi mfululizo, yeye ameomba mapumziko ama anaangalia simu? Amebadilisha difensi ikawa ya eneo, ili wale warefu wasipate njia rahisi? Amepunguza mwendo, watumie zile sekunde zote kabla ya kutupa? Amewapa wa benchi nafasi wajifunze, ama amewachosha watano mpaka wakaanza kutambaa? Na hii si mambo ya heshima tu, kwenye makundi timu zikilingana tofauti ya pointi inaweza kuamua nani anapita.

Mchezaji naye hawezi kuongeza urefu siku ya mechi. Lakini kurudi nyuma mbio baada ya kupoteza mpira hakuhitaji kipaji. Kutomfokea mwenzako hakuhitaji kipaji. Kukimbilia mpira unaotoka nje wakati mko 35 nyuma ndiyo kipimo cha mtu.

Na hii ndiyo njia yangu rahisi ya kuamua kesi. Uliza mechi iliharibika lini. Kama iliharibika dakika tano za kwanza na haikurudi tena, hiyo ni kiwango na maandalizi, tafuta mpishi. Kama mlilingana hadi mapumziko halafu robo ya tatu ikawa 25 kwa 6, hapo muulize kocha, mwenzake alibadilisha kitu na yeye hakuona. Kama mlikuwa 15 nyuma hadi dakika sita za mwisho halafu ikawa 35, hapo waulize wachezaji walitoa mioyo wakaiweka wapi.

Kwa nini ninashikilia hili hivi? Kwa sababu lawama ikienda mahali si pake ina gharama. Mwalimu aliyetukanwa mbele ya shule nzima mwaka huu, mwaka ujao akiombwa kupeleka timu atasema ana kazi nyingi. Kijana wa Fomu Two aliyeitwa takataka kwa sababu ya mechi ambayo hata Cunha angeipoteza, anaacha mpira, na labda alikuwa ndiye Ongwae wetu anayefuata. Na yule anayepaswa kununua mipira kumi badala ya miwili, kuweka uwanja mmoja wenye paa kwa shule tano, na kupeleka vikapu shule za msingi, analala usingizi mzito kwa sababu sisi tunagombana na mtu aliyeshika filimbi.

Safari ijayo tukichapwa, na tutachapwa, kesi iendelee kama kawaida, hiyo ni raha yetu. Lakini kabla ya kumhukumu mtu, mmoja wetu aulize kwa sauti: hawa vijana walianza mazoezi lini, walikuwa na mipira mingapi, na nani aliamua hivyo?